Shingo ya Jogoo wa Mama Mkwe

Bienfait wa mji wa Baraka, kando ya ziwa, ni mtu mwema, mtu wa kanisa, mtu wa kusalimia kila mzee njiani mpaka anachelewa anakokwenda. Ana kasoro moja tu, nayo ni manyoya. Akiona unyoya mzuri, akili inamhama. Amewahi kusimama katikati ya mazishi, jeneza likiwa linapita, akainama kuokota unyoya wa kanga. Waombolezaji wakadhani amezidiwa na majonzi, wakamshika mikono huku na huku, wakamkalisha kwenye kiti. Akakaa, akalia kidogo kwa heshima, unyoya ukiwa mfukoni.

Kazi yake ni uvuvi. Wenzake huvua ndagala, wale samaki wadogo wadogo wa ziwani, kwa nyavu na taa. Bienfait huvua mikeke, samaki wakubwa wanaowala hao ndagala, na huwavua kwa udanganyifu mtupu. Anachukua ndoana, anaibana kwenye koleo ambalo mishikio yake ameifunga kwa mpira wa tairi la baiskeli lisije likaachia. Anapaka uzi nta ya mshumaa. Kisha anaufunga unyoya mdogo wa shingo ya jogoo juu ya chuma, anazungusha, anavuta, analamba kidole, anazungusha tena, mpaka ndoana inakuwa kitu chenye kichwa, tumbo, mkia na, kwa maoni yake mwenyewe, tabia. Akikitumbukiza majini na kukivuta kwa kushtukiza, mkeke anaona ndagala aliyeumia. Mkeke si mtu wa kuuliza maswali, anameza hapo hapo.

Bienfait anaziita ndagala za uongo. Zile anazozipenda zaidi hazikai kwenye kopo. Huzichomeka kwenye kofia yake ya kitambaa, pande zote, na anatembea nazo mjini bila aibu. Rosette, mwalimu wa shule ya msingi kule Fizi vilimani, aliposhuka sokoni Baraka siku moja, alimwona na hiyo kofia akamuuliza kama kuku wamemshinda vita. Bienfait akaanza kumweleza kazi ya kila unyoya, mmoja baada ya mwingine. Msichana mwingine angekimbia. Rosette alisikiliza mpaka mwisho, akacheka, akarudi soko lililofuata. Hivyo ndivyo mambo yalivyoanza, na kufikia Pasaka kilichobaki kilikuwa mahari.

Sasa, mamake Rosette, Mama Suzanne, ni mjane, mkulima, mwanamke wa sauti. Katika ukoo wao, mbali na vyote vinavyotolewa, kuna jogoo wa mama. Mkwe mwenyewe anamkabidhi kwa mikono yake, amepiga magoti, macho chini. Tangu uchumba uanze, yeye na mama mkwe wake hawatazamani usoni. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Mkwe akiingia uani, mama anaingia ndani. Wakiwa na neno la kuambiana, wanapitisha kwa mtu mwingine, au kwa ukuta. Ni heshima kubwa, na wenyewe wanaijali kweli kweli.

Jogoo alinunuliwa kijijini Lubondja wiki kadhaa kabla, ili apate kunona. Hapo ndipo mtu mwenye akili angemwambia Bienfait amfuge kwa jirani. Maana jogoo yule alikuwa na shingo! Manyoya marefu, membamba, rangi ya mawese yanayochemka, kila moja na uzi mweusi katikati. Siku ya kwanza Bienfait alimtazama tu. Siku ya pili alimtazama akiwa amekaa karibu. Siku ya tatu aling'oa unyoya mmoja, mmoja tu wa majaribio, akaufunga, akaenda nao ziwani, akarudi na mikeke wengi mpaka mtumbwi ukainama upande.

Basi, ni nani angeacha? Wewe msomaji unajiona ungeacha, lakini wewe hukuwa na jogoo yule nyumbani.

Asubuhi ya safari ya kwenda Fizi, rafiki yake Fabien, fundi cherehani na msemaji wa ujumbe wa bwana harusi, alifika amevaa suti. Akachungulia kikapuni, akarudi nyuma.

"Bienfait! Hii jogoo iko na ugonjwa?"

"Hapana, iko muzima kabisa."

"Shingo yake iko wapi?"

"Shingo iko. Manyoya njo haiko."

Fabien akamtazama jogoo, shingo nyekundu tupu kutoka kichwani hadi mabegani. Akaitazama kofia ya Bienfait, iliyokuwa imejaa rangi ya mawese. Hakuhitaji kuelezwa.

"We muntu," akasema polepole, "bantu banaiba kuku. Banakulaka kuku. Lakini kufunga safari ya mahari na kuku ya uchi, hiyo sijapata kuona."

Wakajaribu kurudisha manyoya kwa gundi ya kuzibia matairi. Jogoo akamdonoa Fabien kwenye kidole cha kazi. Fabien, kwa kuwa ni fundi, akamshonea jogoo kola ya lesi nyeupe iliyobaki kwenye gauni la bibi harusi mmoja, na kwa kweli ilimkaa vizuri. Lakini pikipiki hazijamaliza kupanda vilima, jogoo alikuwa ameshaichana kola na kula nusu yake. Wakafika Fizi na jogoo vile alivyo, kikapu kimefunikwa kitenge, na Bienfait akitokwa na jasho lisilohusiana na jua.

Sherehe ilikwenda vizuri, jambo lililomtisha zaidi. Papa Jacques, kaka yake Mama Suzanne na mkuu wa ukoo, alihesabu, akakubali, akafanya utani. Kisha akasema sasa ni zamu ya jogoo wa mama. Bienfait akapiga magoti, macho chini, akasogeza kikapu. Papa Jacques akafunua.

 Jogoo akasimama, akanyoosha ile shingo yake ya aibu hadi mwisho, akawika.

"Hii ni nini?" akauliza Papa Jacques.

Bienfait alifungua mdomo kusema kweli. Wanaomfahamu wanaamini hivyo, na mimi pia naamini. Lakini Fabien alikuwa na mdomo mwepesi zaidi.

"Kishingo, papa! Hii ni kishingo. Banazaliwaka hivi, bila manyoya ku shingo. Tumeitafuta mbali."

Ni kweli kuku wa namna hiyo wapo, na hapo ndipo bahati mbaya ilipoingia. Mama Suzanne alikuwa amesikia habari zao redioni. Mwaka uliopita ugonjwa ulimfagilia kuku karibu wote, na redio ilisema kishingo ni kuku mgumu, hafi ovyo, na vifaranga wake hutoka shingo wazi kama baba yao. Kutoka nyuma ya mlango, ambako alikuwa amejificha kwa heshima, sauti yake ilisikika hadi barabarani.

"Jacques! Umuambie mukwe wangu Mungu amubariki! Hii jogoo hatuichinje! Hii itazaa kuku za Fizi yote!"

Vigelegele vikapigwa. Harusi ikapangwa kufanyika baada ya kuvuna maharage. Bienfait akabaki amepiga magoti hata baada ya kuruhusiwa kuinuka, kwa sababu alikuwa anafikiria jambo moja: unyoya ukiung'oa, huota tena.

Jumapili iliyofuata alipanda Fizi peke yake. Akamwambia Papa Jacques kwamba amekuja kusafisha banda la kuku la mama mkwe, kwa upendo. Papa Jacques hakuwahi kusikia mkwe wa namna hiyo, akampeleka hadi mlangoni pa banda. Mama Suzanne alipoona kofia ikija, akakimbilia ndani ya nyumba na kufunga dirisha, kama inavyotakiwa. Ua wote ukabaki wa Bienfait. Ile heshima kubwa, iliyowekwa na mababu ili mkwe asimsumbue mama, ilimpa nafasi ya kukaa na jogoo katikati ya magoti yake na kumng'oa manyoya ya shingo bila kuonekana na mtu.

Na hapa nimseme wazi, maana nampenda lakini siwezi kumficha. Mara ya kwanza alikwenda kwa hofu. Mara ya pili aligundua kwamba manyoya machanga, yale yanayoanza tu kuchomoza, ni laini ajabu na yanafaa kwa ndoana ndogo kuliko yote aliyowahi kufunga. Mara ya tatu alikwenda na kopo la kuyawekea. Ziwani alivua mpaka wenzake wakaanza kumfuata kwa mitumbwi kuona anatumia dawa gani. Na banda, kwa kuwa lilikuwa kisingizio, alilisafisha kweli, mpaka kuku wakawa wanakaa mahali pasafi kuliko watoto wa jirani.

Sifa zikamwandama. Kanisani Mama Suzanne alisimama kutoa shukrani. Akasema yeye hakujaliwa mtoto wa kiume, lakini amepewa mkwe anayepanda vilima kila wiki kuwahudumia kuku wake. Wanawake wakawageukia waume zao. Wanaume wa Fizi wakaanza kumchukia Bienfait bila hata kumjua.

Rosette ndiye aliyekuwa hana raha. "Unakuja kuona mie, ao unakuja kuona kuku?" alimuuliza. Bienfait akasema anakuja kuona familia. Jumapili moja Rosette akazunguka nyuma ya banda, akamkuta mchumba wake amekaa juu ya ndoo, jogoo amepakatwa, unyoya mmoja kwenye vidole na mengine mdomoni.

Rosette alicheka mpaka akakaa chini. Alipomaliza, akawa hacheki tena.

"Utamuambia mama."

"Nitamuambia. Nyuma ya harusi."

"Bienfait."

"Juu ya jina la Mungu, nyuma ya harusi nitamuambia. Sasa atakatala. Rosette, akikatala mie nitafanya nini?"

Aliuliza kwa sauti ndogo hivi kwamba Rosette akamhurumia. Akakubali kunyamaza. Alimtolea unyoya uliokuwa umemnata kwenye mdomo wa chini, akarudi ndani.

Wangefika salama kama si mayai. Kuku wa Mama Suzanne wakaatamia, wakaangua, na vifaranga wakatoka wote na malaika, yale manyoya laini ya utotoni, kuanzia utosini hadi mkiani, shingo zimefunikwa mpaka kwenye taya. Hakuna hata mmoja aliyekuwa shingo wazi. Mama Suzanne aliwakagua mmoja mmoja juani. Kisha akanyanyua kichwa, akatazama ng'ambo ya ua, ambako jogoo mweusi wa jirani alikuwa amesimama juu ya rundo la kuni, kifua mbele, shingo imejaa manyoya.

Jirani huyo ni Mama Inamahoro, mkimbizi kutoka Burundi. Alipofika na mzigo mmoja wa kichwani, Mama Suzanne ndiye aliyemkatia kipande cha shamba. Tangu hapo wamelima pamoja, wamepaliliana, wameazimana chumvi na majembe na siri. Urafiki wao ulikuwa umekaa miaka. Ukavunjika kabla ya saa sita mchana.

"Jogoo yako ni malaya!" Mama Suzanne alimwambia. "Niko na kishingo mu nyumba, na jogoo yako inaingilia bibi zake!"

Mama Inamahoro akasema jogoo wake ni mzee, analala chini ya kitanda chake, na asubuhi anahitaji kusaidiwa kushuka kwenye kuni. Maneno yakazidi. Mengine siwezi kuyaandika, maana yalihusu ukoo wa jogoo na baadaye yakahamia ukoo wa wenye jogoo. Jumamosi iliyofuata Papa Jacques akaitisha kikao.

Viti vya plastiki viliazimwa kanisani. Mshtakiwa, yule jogoo mweusi, alifungwa mguu kwenye mguu wa kiti cha Papa Jacques, akawa anadonoa viatu vya wazee. Bienfait aliitwa naye, kwa kuwa ndiye aliyeleta kishingo, akakalishwa kwenye kona akiwa ameupa mgongo upande wa mama mkwe wake. Mbele yake hapakuwa na kitu isipokuwa ukuta wa choo na mbuzi mmoja.

Papa Jacques alisikiliza pande zote kwa uso mzito, kisha akahukumu. Jogoo mweusi amekosa. Atachinjwa sasa hivi, ataliwa na familia zote mbili kwenye sahani moja, na ugomvi utaishia hapo. Ilikuwa hukumu nzuri, na maji yalikuwa tayari jikoni.

Mama Inamahoro hakubishana. Aliinama, akamfungua jogoo wake, akamkumbatia. "Mama ya hii jogoo ndiyo kitu ya kwanza nilinunua hapa," akasema. "Sikukuwa hata na sufuria. Nilinunua kuku, nikasema, sasa niko na nyumba." Akakaa na kuanza kulia kimya kimya. Mama Suzanne akageuza uso, na ingawa alikuwa ameshinda kesi, naye machozi yakamlenga.

Rosette akapita nyuma ya Bienfait na sahani mkononi, akainama sikioni pake.

"Kama unanyamaza, utaoa ile kishingo. Si mie."

Bienfait alikuwa akimtazama mbuzi. Alifikiria shamba wanalolima wale wanawake wawili, alifikiria Rosette, akaogopa. Hajawahi kuogopa hivyo, na huyu ni mtu aliyepinduka na mtumbwi zaidi ya mara moja. Akasimama. Hakuweza kugeuka, kwa sababu ya heshima, kwa hiyo alikiri makosa yake yote kwa ukuta wa choo.

"Papa Jacques," alisema, "umuambie mama, jogoo ya Mama Inamahoro haina kosa. Hii ingine si kishingo. Ni kuku tu ya Lubondja. Mie njo nilitoa manyoya."

"Yote?" Papa Jacques akauliza.

"Yote. Na ikiota, nilikuwa nakuja kutoa tena. Kila siku ya Mungu, kila Jumapili. Sikukuwa nakuja kusafisha banda." Akafikiri kidogo. "Nilisafisha, ni kweli. Lakini nilikuja juu ya manyoya."

Akavua kofia, akainyanyua juu ya kichwa bila kugeuka, ili kila mtu aone. Hapakuwa na unyoya pale ambao haukutoka kwenye shingo ya jogoo wa mama mkwe. Akaeleza habari ya ndoana, nta, na mikeke. Akaeleza kwamba Fabien alisema kishingo kwa hofu, lakini yeye mwenyewe alinyamaza kwa mapenzi, maana alijua jogoo wa aibu angekataliwa, na yeye pamoja naye.  Mbuzi akaondoka.

 Akasikia kiti cha plastiki kikiburutwa nyuma yake, halafu hatua, na hatua hizo hazikuwa za Papa Jacques. Watu wakavuta pumzi.

"Geuka," ilisema sauti ya Mama Suzanne, karibu kabisa.

"Mama, siwezi. Ni haramu."

"Geuka, nimesema! Mukwe ni mugeni, namuheshimia. Mugeni hawezi kuingia mu banda yangu kuniibia kila siku ya Mungu. Ile kazi ni ya mutoto wa nyumba. Geuka nikuone sura."

Alimshika mabega, akamgeuza mwenyewe. Bienfait aliyafumba macho, akayafumbua. Kwa mara ya kwanza akauona uso wa mama mkwe wake. Ulikuwa na mdomo wa Rosette, na ulikuwa unajizuia kucheka kwa nguvu zote, machozi yakimtiririka. Nyuma yake Mama Inamahoro naye alikuwa ameshaanza kucheka, jogoo akiruka-ruka kifuani pake. Na Bienfait, ambaye mamake mwenyewe alifariki akiwa bado mdogo, hakujua afanye nini na mikono yake, akaendelea kushika kofia juu ya kichwa.

"Shusha ile kofia," akasema Mama Suzanne. "Sasa nijibu. Hii manyoya yangu ilikamata samaki?"

"Ndiyo, mama. Mingi."

"Mikeke?"

"Mikeke, mama. Mikubwa."

Mama Suzanne akaweka mikono kiunoni. Kicheko kikamtoka usoni, na safari hii alikasirika kweli.

"Miezi yote hii unapanda hapa mikono wazi! Unakula manyoya yangu, unarudi ku ziwa, unakamata mikeke, na hata mukia moya haujaniletea? Samaki yangu iko wapi?"

Bienfait alikuwa amejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo. Alimtazama Papa Jacques, naye Papa Jacques akamtazama kwa jicho la mtu anayependa sana mikeke. Basi akavaa kofia na kukimbilia pikipiki ashuke ziwani, na Rosette akamfuata mbio hadi barabarani akimpigia kelele asisahau samaki wa Mama Inamahoro.